Likizo ya vuli na watoto wadogo: anzeni na kuokota, gundi itafuata

Wazazi wenzangu mnaolea watoto kwenye nchi za misimu minne, ile likizo fupi ya katikati ya vuli mnaijua, shule zinafungwa, baridi imeanza kung'ata ila theluji bado, jua linazama mapema na watoto wako ndani wanapanda makochi. Mimi nna wawili, mkubwa kashaanza shule na mdogo ndo kwanza maneno yanamtoka vizuri, na sikuizi hii likizo naipenda kuliko zote hata ile ndefu ya kiangazi. Naandika haya maana naona wengi wetu tunaanzia mezani, mtu anatafuta picha za kazi za mikono kwenye simu, ananunua makaratasi ya rangi na vile vijicho vya plastiki vya kubandika, anapanga kila kitu vizuri kabisa, mtoto anakaa kidogo tu kashuka kwenye kiti kaenda zake, na yule bundi wa karatasi anamaliziwa na mama.

Kwa wangu nimeona kinachowashika ni kuokota. Kubandika kunakuja baadae, na kusipokuja siku imeenda vizuri vilevile. Mtoto mdogo ukimpa kikapu ukamwachia njia iliyojaa majani, hapo mtembee taratibu usimharakishe, atasimama kila hatua, atachagua jani moja ataliangalia juu chini atalitupa atachukua lingine, na ukiangalia vizuri unagundua hachukui ovyo, ana vigezo vyake. Mdogo wangu anapenda yenye madoa, yale yaliyoanza kuharibika, mwenyewe ndo anaona mazuri. Mkubwa anatafuta jani jekundu tupu lisilo na kasoro hata kidogo. Hiyo ni kazi tayari, ya macho na ya akili, na wewe hujatumia hata senti.

Kuna vitu vidogo vinavyoongezea raha ya kuokota. Cha kwanza ni bangili ya selotepu, chukua ile pana ya karatasi wanayotumia mafundi rangi, izungushe kwenye mkono wa mtoto upande wenye gundi utazame nje, usiibane sana, basi mtoto anatembea anabandika kila anachokipenda, petali, kipande cha jani, unyoya, jani dogo la nyasi. Mkirudi nyumbani unaikata na mkasi inakua mapambo ya ukutani. Cha pili ni trei ya mayai, ile ya karatasi, kila shimo unalipaka rangi yake, njano, kahawia, kijani, nyekundu, zambarau, na mtoto anatafuta kitu cha rangi hiyo akiweke humo. Zambarau ndo inawatesa na ndo inawafurahisha, wakiipata ni kelele tupu.

Nguo nazo zisemwe hapa maana ndo zinaamua mtakaa nje muda gani. Nguo nyepesi kadhaa zilizopandana ni bora kuliko koti moja zito, akikimbia unampunguzia akisimama unamrudishia. Na miguu, wazazi, miguu! Mtoto mikono ikipoa atavumilia, ila soksi zikilowa safari imekwisha. Buti za mvua hata kama anga ni jeupe, maana chini ya majani kunakua na maji, na soksi za akiba kwenye begi.

Ukishafika nyumbani na kikapu kimejaa, usiwaite mezani. Mwageni kila kitu sakafuni juu ya gazeti au shuka la zamani na muwaache wapange. Watapanga wenyewe, kwa rangi, kwa ukubwa, majani mama na majani watoto, yenye meno na yasiyo na meno. Mkubwa wangu alishawahi kupanga mstari kutoka kijani kabisa kwenda njano kwenda rangi ya machungwa kwenda nyekundu mpaka kahawia, mstari mrefu kutoka mlangoni hadi jikoni, na hakuna aliyemwambia, na ni hapo aliponiuliza kwanini majani yanabadilika rangi.

Jibu lake tulilifanyia jaribio kabisa na nashauri kila mwenye mtoto wa kuanzia miaka minne mitano alijaribu. Jani linakua kijani kwa sababu ya klorofili, ile inayolisaidia kutengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Siku zikifupika na baridi ikiingia mti unaacha kutengeneza klorofili, iliyopo inavunjikavunjika, na rangi ya njano iliyokuwemo humo ndani tangu jani likiwa changa ndo inaonekana sasa. Nyekundu yenyewe ni tofauti kidogo, kwenye miti mingi inatengenezwa wakati huu huu wa vuli kutokana na sukari iliyobaki kwenye jani, ndo maana vuli yenye mchana wa jua kali na usiku wa baridi isiyofikia kugandisha inaleta wekundu mkali zaidi. Sasa mwonyeshe: chukueni majani mabichi ambayo bado ni kijani, mtoto ayachanechane vipande vidogo, ayaponde na kijiko ndani ya glasi, wewe mzazi umimine spiriti ile ya kusafishia vidonda kiasi cha kufunika, funika glasi, iweke kwenye bakuli la maji ya moto nusu saa hivi. Sehemu ya spiriti ni ya mtu mzima, dirisha wazi na jiko limezimwa, pasiwe na moto wa aina yoyote karibu. Rangi ikishatoka, tumbukiza ncha moja ya kipande kirefu cha karatasi ya kuchujia kahawa humo kwenye glasi, ncha nyingine ining'inie juu, na muwe na subira, saa moja au zaidi. Kimiminika kinapanda polepole kwenye karatasi na rangi zinaachana njiani, kijani kinakaa mahali pake na njano inajitenga peke yake. Mkubwa wangu aliikazia macho ile karatasi akasema, "Mama, kumbe njano ilikua imejificha!" Na tangu siku hiyo akiona mti wa kijani anauliza ndani kuna rangi gani.

Tuje kwenye kubandika sasa, maana kunakuja, nilisema.

Kwa mtoto mdogo kabisa hakuna kitu kinachoshinda ile nailoni yenye gundi ya kujaladia madaftari. Ikate kipande kikubwa, ibandue, uigeuze upande wenye gundi utazame chumbani, uishikize kwenye kioo cha dirisha na selotepu pembe zote, chini kabisa urefu anaofika mtoto. Basi. Hapo hakuna gundi ya maji, hakuna kumwagika, hakuna "subiri nikusaidie". Anabandika jani anabandua anabandika tena, jua linapita linawasha zile rangi, na dirisha linakaa wiki nzima na kila mkitoka matembezi anakuja na cha kuongezea. Yetu ilikua mbele ya meza ya kula, asubuhi mdogo kabla hata hajanywa uji anakimbilia dirishani kuhakikisha jani lake lipo. Likizo ikiisha unafunika na kipande kingine cha nailoni unapata picha ya kutunza, ila majani yawe makavu, yakiwa na unyevu yanaota ukungu humo ndani.

Kukausha majani ni rahisi, yapangeni katikati ya karatasi zisizong'aa ndani ya kitabu kizito, juu wekeni vitabu vingine, baada ya wiki moja hivi yako tayari. Kama mtoto hawezi kusubiri wiki, na wengi hawawezi, pasi inafanya kwa dakika, jani katikati ya karatasi mbili, pasi ya moto wa wastani bila mvuke, ya mtu mzima tena. Ukitaka majani yabaki laini yasivunjike kuna gliserini ya dukani, sehemu moja gliserini sehemu mbili maji, yalaze humo yazame siku kadhaa yatoke yafutwe, yatakua yanakunjika kama ngozi. Rangi inafifia kidogo ila kwa mataji ya kichwani ndo yanafaa, kavu la kawaida mtoto akilivaa mara moja limesagika.

Kuna kile cha kuweka jani chini ya karatasi na kusugua kreyoni juu, kila mtu anakijua ila wengi wanakifanya kinyume, jani linatakiwa upande wa mishipa utazame juu maana huko ndo mishipa imetokeza, na kreyoni ibanduliwe karatasi yake ilazwe ubavu. Kwa mdogo libandike jani mezani na selotepu kwanza asije akalisukuma huku na huku. Mishipa ikianza kujitokeza mmoja mmoja kwenye karatasi iliyokua tupu, angalia uso wa mtoto.

Nyundo pia, kwa wanaotaka kelele. Jani bichi juu ya kitambaa cheupe cha pamba, karatasi juu yake, gonga na nyundo ndogo mpaka umbo lote litoke, rangi ya jani inahamia kwenye kitambaa. Ikifuliwa inafifia kwahiyo kitambaa kiwe cha kutundika. Mtoto mwenye hasira za kukaa ndani siku nzima akigonga robo saa anatulia kabisa, nimeliona hilo mara nyingi.

Mbegu za mwaloni nazitolea aya yake maana zimetupa siku bora kuliko zote. Zile zenye kofia. Tulikua tumezijaza kwenye boksi la viatu, mdogo anazimimina na kuzirudisha, mara mkubwa akaniita, "Mama njoo, kuna mtu ndani!" Kwenda kuangalia, mbegu moja ina tundu dogo la duara kabisa kama limepigwa na sindano nene, na tunduni kumetokeza kichwa cha kahawia, kinasukuma. Tukakaa chini wote. Yule funza alikua mnene kuliko lile tundu, mweupe, anajiminya kidogo anapumzika, anajiminya tena, mpaka mwili wote ukatoka akadondoka kwenye boksi akajikunja. Ni mtoto wa fukusi. Mama yake ana mdomo mrefu sana mwembamba, mbegu ikiwa bado changa juu mtini anaitoboa anataga yai humo, funza anakulia ndani anakula mbegu, mbegu ikianguka chini anatoboa anatoka anaingia udongoni anakaa humo mwaka au zaidi ndo anatoka akiwa mdudu kamili. Tulimpeleka nje tukamweka kwenye udongo laini chini ya mwaloni, wakasimama pale wanamwangalia anavyojichimbia mpaka akapotea. Hamna kazi ya mikono yoyote ingewakalisha kimya muda ule.

Kwahiyo ushauri wa mbegu hizi ni huu. Kwanza mzitie kwenye ndoo ya maji, nzima zinazama, zilizoliwa ndani nyingi zinaelea, na hilo lenyewe ni mchezo, mtoto anakisia kabla ya kutumbukiza. Za kurudisha nje zirudishwe nje ili wadudu na wanyama wapate. Zile mnazotaka kutunza kwa mapambo zikaushwe oveni ya moto mdogo, nyuzi 90 mpaka 100 hivi, saa moja au zaidi huku ukizigeuza, vinginevyo zitaota ukungu au mtakuta funza kwenye kabati. Kofia zake zinatosha kwa mambo mengi, zijazeni rangi mzifanye vibakuli vya wanasesere, au mzibandikie mpira mdogo wa sufi ndani.

Koni za msonobari nazo msizikimbilie kuzipaka rangi. Chukueni moja iliyofunguka vizuri muitumbukize kwenye maji, nyingine iachwe kavu pembeni. Kabla siku haijaisha iliyolowa itakua imejifunga, magamba yote yamelala. Itoeni mweke mahali pakavu, itafunguka tena. Koni ilishakufa zamani na bado inafanya hivyo, kwa sababu upande wa nje wa kila gamba unavimba ukinyonya maji kuliko upande wa ndani, na kazi yake ni kuachia mbegu siku kavu zenye upepo zipate kusafiri mbali. Sisi yetu iko dirishani kwa nje, ikifunga watoto wanajua hewa ina unyevu, wanachukua buti wenyewe. Na zile mbegu zenye bawa za mti wa meipo, zirusheni kutoka juu ngazini, zinazunguka zinashuka taratibu, alafu mkate karatasi ya umbo hilo mjaribu kuiga, klipu ya karatasi chini kama uzito. Kwa mtoto wa shule hiyo ni mchana mzima wa kurekebisha mabawa.

Siku ya mvua ya kutwa tunafanya unga wa chumvi, vikombe viwili vya unga wa ngano, kimoja cha chumvi, maji yaongezwe kidogo kidogo yasizidi kikombe kimoja. Mnaukanda, mnausukuma bapa, mnakandamiza jani upande wa mishipa mnalibandua, alama inabaki. Toboa tundu la uzi kabla haujakauka. Oveni nyuzi 100, saa mbili mpaka tatu kutegemea unene. Angalizo la dhati hapa, chumvi iliyomo ni nyingi sana, mtoto asiule na kama mna mbwa asiufikie kabisa, kwa mbwa ni sumu.

Na hili la hatari niliseme lote kwa mara moja. Mtoto chini ya miaka mitatu usimwache peke yake na mbegu, zinakaa kooni. Kuna zile mbegu kubwa za kahawia zinazong'aa sana zinazotoka kwenye ganda la miiba michache, watoto wanazipenda kuliko kitu chochote, zinafanana na chesnati za kula ila zile za mti unaoitwa chesnati farasi ni sumu zikiliwa, kwahiyo ni za kushika na kupanga tu. Uyoga tunaangalia bila kugusa, matunda madogo ya vichakani hayaendi mdomoni hata yawe mazuri vipi. Kurukia lundo la majani ni haki ya kila mtoto, ila wewe pitisha reki kwanza maana ndani kunakua na vijiti na vigae, na lundo lililolowa siku nyingi lina ukungu mwingi, kwa mtoto mwenye pumu tafuteni majani makavu yaliyoanguka juzi. Jioni wakati wa kuoga angalia kupe, nyuma ya masikio, kwapani, nyuma ya magoti, shingoni penye nywele.

Giza la mapema wengi wanalilalamikia, mimi nimeligeuza. Kiangazi mtoto mdogo haoni nyota maana analala jua bado lipo, vuli unamvalisha sweta kabla ya chakula cha jioni mnatoka na tochi, mnazima, mnaangalia juu. Mkirudi mnacheza vivuli ukutani. Tunatengeneza na taa za jagi, yaani chupa ya jamu iliyosafishwa, mtoto anapaka gundi nyeupe iliyochanganywa na maji kidogo, anabandika majani makavu membamba, anapaka gundi tena juu, ikikauka inaangaza. Ndani weka kitaa cha betri, sio mshumaa, majani na karatasi vinashika moto haraka na mikono midogo haitabiriki.

Kingine tunachofanya kila vuli ni kupanda vitunguu vya maua, tulipu na nasisi, mtaona maduka ya bustani yamejaza. Shimo lenye kina mara mbili hadi tatu ya urefu wa kitunguu, ncha juu, mizizi chini, udongo urudi. Vinapandwa sasa kwa sababu vinahitaji baridi ya miezi kadhaa ardhini ndo vitoe ua. Kama hamna bustani ndoo yenye matundu chini inatosha, ikae nje barazani, msiiingize ndani kwenye joto. Mtoto atauliza kesho yake kama limetoka, na kesho kutwa, wala usichoke kujibu, mpe kijiti chenye picha ya ua aliyochora mwenyewe akichomeke pale ajue mahali.

Kuhusu mabaki, maana kufika mwisho wa likizo nyumba inakua na majani mpaka chini ya mito. Kila mtoto ana boksi lake moja la viatu, kinachoenea humo kinabaki, kisichoenea tunakipiga picha alafu kinarudi nje chini ya mti, na wao ndo wanachagua. Kuchagua kwao kunachukua muda mrefu kweli, mkubwa anashika vitu viwili mikononi anavipima, na mara nyingi anachobakiza sio kile kizuri nilichodhani mimi. Simuingilii. Boksi linaandikwa mwaka linaenda juu ya kabati, na kwa vile vimekaushwa vizuri havitoi harufu wala wadudu.

Ratiba sina. Asubuhi tunatoka maana mwanga ndo huo, mchana tunarudi tunakula, baada ya hapo meza ina gundi na mkasi na karatasi vimewekwa tu, anayetaka anakaa asiyetaka anacheza. Siku nyingine hakuna anayekaa. Siku nyingine mdogo anabandika jani moja, moja tu katikati ya karatasi kubwa, anasema tayari, nami naitundika hivyohivyo.